Picha za Ufipa Zilizobaki Ndani ya Kamera za Zamani

Kati ya zama za kamera ya filamu na zama za simu ya mkononi kulikuwako kipindi kifupi ambacho wengi wetu tumekwisha kukisahau. Ni kipindi cha kamera ndogo ya dijitali, ile ya kutia mfukoni, yenye kioo nyuma na kadi ya kumbukumbu ubavuni. Katika miji mikubwa kamera hiyo ilienea mapema. Katika uwanda wa juu wa Ufipa ilifika mikononi mwa wachache: mwalimu mkuu, padri wa parokia, bwana shamba, mtumishi wa mradi, mpiga picha wa harusi. Baadaye zikaja simu zenye kamera ndani yake, na vile vyombo vikaingia kabatini, mara nyingi kadi ikiwa bado imo.

Miaka hiyo haikuwa mitupu katika historia ya Rukwa. Barabara ya kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, yenye urefu wa kilomita 224 hivi, ilijengwa kwa lami kwa fedha za mkataba uliotiwa saini na Marekani mwaka 2008. Aliyeipita kabla ya hapo wakati wa masika hahitaji kusimuliwa habari za matope. Mwaka 2012 mkoa wa Katavi ukamegwa kutoka Rukwa. Mashamba ya ntumba, yale matuta ya duara ambayo Wafipa hufukia majani ili yaoze na kurutubisha udongo, yalipigwa picha na mabwana shamba. Kadhalika ukingo wa Ziwa Tanganyika kule Kasanga na Kirando ulipigwa picha miaka mingi kabla maji ya ziwa hilo hayajapanda kwa kiasi kikubwa kati ya mwaka 2020 na 2024. Na katika mbuga na mabonde ya Ufipa, wapita njia walisimama kuyapiga picha malungu, yaani tanuru za kale za kuyeyushia chuma, ambayo mvua na majembe vinazidi kuyaangusha.

Rai yangu ni kwamba picha hizo hazijahifadhiwa. Zimesahauliwa tu mahali zilipo, na kusahauliwa si kuhifadhiwa. Naamini pia kwamba watu wanaofaa kuzitoa humo ni walimu na wanafunzi wa shule za sekondari za Ufipa wenyewe, tena kwa njia sahihi na mapema, wala wasingoje mradi utokao mbali.

Tofauti baina ya filamu na kadi yapasa ieleweke kwanza, kwa kuwa ndiyo inayotudanganya. Filamu iliyosafishwa huonekana kwa macho. Ukiiokota sandukuni baada ya miaka 40 na kuiinua kwenye nuru, utaona watu. Kadi ya kumbukumbu haina kitu cha kuonwa. Ndani yake mna elektroni zilizotegwa katika vyumba vidogo mno vya silikoni, kila chumba kimezungushiwa kihami ili elektroni zisitoroke. Ufundi huo ulibuniwa na Fujio Masuoka katika kampuni ya Toshiba ya Japani, katika miaka ya 1980. Lakini hakuna kihami kilicho kamili. Elektroni huvuja polepole hata kadi ikiwa imelala, na watengenezaji wengi huzoea kutaja miaka 10 kuwa ndio muda ambao kadi inatarajiwa kutunza kilichomo bila kuguswa. Hii haina maana kwamba mwaka wa 11 picha zote hufutika. Kadi nyingi za miaka 20 bado zasomeka vizuri. Maana yake ni kwamba tangu hapo tunaishi kwa bahati.

Joto huharakisha uvujaji huo. Hapa Ufipa ina neema ya pekee. Mji wa Sumbawanga uko kiasi cha meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ya Juni na Julai inajulikana na kila mwanafunzi aliyelala bweni la Kantalamba. Kadi iliyokaa kabatini huko imetunzwa vyema kuliko ile iliyokaa chini ya bati kandokando ya Ziwa Tanganyika, au katika bonde la Ziwa Rukwa, ambako ni chini kwa takriban meta 1,000. Ikiwa shule itapata kadi nyingi kwa mpigo na haina nafasi ya kuzishughulikia zote siku moja, basi na ianze na zile zilizoteremka ziwani.

Sasa nije kwenye desturi ambayo kwa kweli ndiyo iliyonisukuma kuandika. Mtu anaipata kamera ya zamani, anaiwasha, picha zinatokea kwenye kioo chake kidogo. Furaha kubwa. Kisha anatoa simu yake, anakipiga picha kile kioo, na kuwatumia ndugu zake kwa WhatsApp. Anaamini kwamba ameiokoa picha. Mimi nasema amepiga picha ya kioo.

Tufanye hesabu, maana hesabu hapa inasema waziwazi kuliko maneno. Kamera ya kawaida ya miaka hiyo, yenye pikseli milioni 5, hutoa picha ya pikseli 2,592 kwa upana na 1,944 kwa kimo, yaani jumla ya 5,038,848. Kioo cha nyuma cha kamera nyingi za aina hiyo kilikuwa na pikseli 320 kwa 240, yaani 76,800. Ukigawanya, utaona kwamba kwa kila pikseli 65 zilizomo katika picha ya asili, kioo kinaonyesha moja tu. Hata simu yako ikiwa bora namna gani, haiwezi kukirudishia kioo kile ambacho kioo hakikuwa nacho.

Je, hasara hiyo ina uzito gani? Chukua picha ya ilungu. Tanuru hilo la udongo lilikuwa na kimo cha takriban meta 3, na ajabu yake ni kwamba liliyeyusha mawe ya chuma bila mivukuto: hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini na kupanda juu kwa nguvu ya joto, kama moshi unavyopanda katika dohani. Kisha chuma kile kilisafishwa katika tanuru dogo lenye mivukuto. Anayetaka kuielewa kazi hiyo atataka kuyahesabu matundu ya chini, kuupima unene wa ukuta, kuona namna udongo ulivyopandishwa tabaka juu ya tabaka. Katika picha ya asili mambo hayo yapo. Katika picha ya kioo kuna kichuguu chekundu na mtu amesimama kando yake.

Kuna na hasara ya pili isiyoonekana. Tangu mwaka 1995 watengenezaji wa kamera wa Kijapani walikubaliana juu ya kanuni iitwayo Exif, ambayo kwayo kamera huandika ndani ya faili ya picha tarehe, saa, aina ya kamera, na muda ambao nuru iliruhusiwa kuingia. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, faili hubanwa na maandishi hayo huondolewa. Ndugu aliye Dar es Salaam anapokea sura bila cheti cha kuzaliwa.

Basi njia sahihi ni ipi? Wengi huanza kwa kutafuta betri, na hapo hukwama. Hununua dukani betri za redio, huzitia, kamera huwaka kwa nukta chache, lenzi huchungulia nje, kisha hufa. Wanasema kamera imeharibika. Mwalimu wa fizikia ana kila sababu ya kufurahi hapa, maana hiki ni kisa cha ukinzani wa ndani kilichokuja chenyewe darasani. Tuchukue kwa mfano kamera inayotumia betri mbili na kuvuta mkondo wa ampea 1 inapofungua lenzi. Betri ya bei ndogo ina volti 1.5, lakini tuseme ukinzani wake wa ndani ni omu 0.6. Mbili pamoja zina volti 3 na omu 1.2; mkondo wa ampea 1 ukipita, volti 1.2 zapotelea ndani ya betri zenyewe, na kamera inapata 1.8 tu. Betri ya kuchajiwa ya aina ya nikeli ina volti 1.2 tu, kwa hiyo mtu huidhania kuwa dhaifu. Lakini ukinzani wake ni mdogo sana, tuseme omu 0.05. Mbili zina volti 2.4, zapoteza 0.1, na kamera inapata 2.3. Iliyo ndogo kwa maandishi imeishinda iliyo kubwa. Sijui mfano wa kitabuni ulio bora kuliko huu.

Hata hivyo, katika hali nyingi betri haihitajiwi kabisa. Picha zimo kwenye kadi, wala si kwenye kamera. Ichomoe kadi, itie katika kisomakadi, kile kifaa kidogo ambacho mafundi wa simu hukiita kadi rida, kisha kichomeke kwenye kompyuta. Kompyuta itaiona kadi kama inavyoiona flashi, na ndani yake mtakuta folda iitwayo DCIM, jina lililowekwa na kanuni ya pamoja ya watengenezaji ya mwaka 1998. Picha zote zimo humo.

Shida iliyopo ni wingi wa aina za kadi. Kila kampuni ilitaka kuwa na yake, na sisi walaji wa mwisho ndio tuliolipa gharama ya ushindani huo. Kadi ya CompactFlash, kubwa kama kibiriti kilichobanwa, ilitokea mwaka 1994. Sony walitoa Memory Stick mwaka 1998. Olympus na Fujifilm walitoa xD mwaka 2002. Kadi ya SD, iliyoanza mwaka 1999, ndiyo iliyoshinda, na bahati njema ni kwamba kisomakadi kipya huisoma kadi ya SD ya zamani. Kinyume chake hakiwezekani: kisomakadi cha zamani, kilichotengenezwa kabla ya kadi za SDHC za mwaka 2006, hakiwezi kusoma kadi hizo za gigabaiti 4 na kuendelea. Mtu akiona kompyuta inakataa kadi, asikimbilie kusema kadi imekufa; na ajaribu kisomakadi kipya kwanza. Kuna visomakadi vya njia nyingi ambavyo husoma karibu aina zote hizi kwa pamoja. Kimoja cha namna hiyo chaweza kuhudumia shule zote za wilaya kwa zamu, na ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote vinavyotajwa katika makala haya.

Kadi ya xD ndiyo yatima wa familia hii, kwa sababu visomakadi vingi vya leo havina tundu lake. Kwa kadi hiyo, na kwa picha zilizomo katika kumbukumbu ya ndani ya kamera yenyewe, hapana budi kutumia waya. Kumbukumbu ya ndani mara nyingi husahauliwa. Kamera nyingi zilikuwa na nafasi ndogo humo, ya picha chache tu, na zilizitumia pale ambapo kadi haikuwemo. Kwa hiyo ukishaichomoa kadi, iwashe kamera ikiwa tupu uitazame. Waweza kukuta picha ambazo mwenyewe hajapata kuziona tangu siku alipozipiga.

Waya ukipatikana, kamera iwekwe katika hali ya kutazama picha kisha iwashwe. Ikiwa kompyuta haionyeshi kitu, fungueni orodha ya mipangilio ya kamera mkatafute mahali pa USB. Kamera nyingi zina njia mbili: moja huifanya kamera ijitambulishe kama diski, na nyingine, iitwayo PTP, huifanya ijitambulishe kama kamera. Njia moja ikikataa, jaribuni ya pili. Ile sahani ya programu iliyokuja ndani ya boksi, ambayo hakuna aliyenayo leo, kwa kamera nyingi zilizotoka baada ya mwaka 2000 haina kazi tena.

Waya una udhaifu wake nao. Kamera za mwanzo zilitumia USB ya toleo la 1.1, yenye kasi isiyozidi megabiti 12 kwa nukta. Kadi ya megabaiti 512 ina megabiti 4,096. Gawanya kwa 12, utapata nukta 341, karibu dakika 6, na kwa vitendo huzidi hapo. Muda wote huo betri inaliwa. Betri ikifa katikati, faili iliyokuwa njiani hubaki nusu. Ndiyo sababu nasema kisomakadi kwanza, waya baadaye.

Kabla kadi haijaingia katika kompyuta yoyote, itazameni ubavuni. Kadi ya SD ina kitufe kidogo cha kusukuma. Kikisukumwa upande wa kufunga, kompyuta itasoma kadi lakini haitaandika kitu juu yake. Hii ndiyo kinga rahisi kuliko zote dhidi ya virusi vya kompyuta, na ni wachache wanaoitumia. Kila anayechapisha kazi zake katika maduka ya mjini anavijua virusi vile vinavyozificha folda na kuweka mahali pake vijipicha vya njia za mkato. Mwenye kadi hufungua, haoni kitu, huamini kwamba kila kitu kimetoweka. (Jina la Sumbawanga, wenyeji hulifasiri kuwa ni tupa uchawi, ningependa wanafunzi wa mji huo wawe wa kwanza kusema kwamba faili zilizofichwa hazikurogwa.) Mara nyingi picha bado zimo, zimewekewa alama ya kufichwa tu.

Hata picha iliyofutwa si lazima iwe imepotea. Kamera inapofuta, haisafishi vyumba vyenye elektroni. Huandika tu katika orodha yake kwamba nafasi ile sasa yaweza kutumiwa. Picha hukaa palepale mpaka nyingine iandikwe juu yake. Kwa sababu hiyo sharti ni moja: kadi iliyofutwa kwa bahati mbaya isipigiwe picha hata moja tena. Ipo programu ya bure iitwayo PhotoRec, iliyoandikwa na Christophe Grenier, ambayo hupita katika kadi na kuzikusanya picha za namna hiyo bila kuitegemea ile orodha. Nimepata kuona kadi ya sherehe za parokia iliyotoka katika duka moja la picha ikiwa tupu, baada ya fundi kuiandaa upya ati kwa kuisaidia, na picha zake nyingi zikarudi kwa njia hiyo. Lakini zisingerudi kama mtu angeitumia kadi ile kupiga harusi ya Jumamosi iliyofuata.

Jambo linaloharibu picha nyingi kuliko virusi ni haraka ya wanaonakili. Neno ni kunakili, wala si kuhamisha. Anayehamisha huziondoa picha katika kadi hapohapo, na umeme ukikatika katikati hana pa kurejea. Tena kamera nyingi huzipa picha majina yaleyale: kadi ya mwalimu ina picha nambari 0001, na kadi ya padri nayo ina nambari 0001. Zikitiwa katika folda moja, kompyuta itauliza kama iweke mpya mahali pa ya zamani, na mwanafunzi aliyechoka atajibu ndiyo. Kila kadi na iwe na folda yake yenye jina la mwenyewe na siku ya kunakili. Kisha hesabuni: kama kadi ilikuwa na picha 214, folda nayo iwe na 214, na ukubwa wake kwa megabaiti ulingane. Fungueni kadhaa za mwanzo, za katikati na za mwisho. Ndipo nakala ya pili iwekwe kwenye diski nyingine, itakayokaa katika jengo jingine. Shule huungua, na kompyuta huibiwa.

Wapo watakaoniambia kwamba mtihani wa taifa hauulizi habari za kamera kuukuu, na kwamba mwalimu wa Ufipa ana madarasa makubwa na muda mfupi. Hoja hiyo siidharau. Lakini nimekwisha kuonyesha kwamba ukinzani wa ndani umo humu. Umo pia ugawaji wa tarakimu kwa mfumo wa mbili, silikoni na matumizi yake, na hesabu za kasi. Katika historia, hii ni kazi ya vyanzo vya habari iliyo hai. Wanafunzi hufundishwa kwamba Willard Boyle na George Smith walibuni kifaa cha kugeuza nuru kuwa umeme mwaka 1969 katika maabara ya Bell, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Na kwamba Steven Sasson wa Kodak aliunda mwaka 1975 kamera ya dijitali ya kwanza, yenye uzito wa kilo 3.6 na pikseli 10,000, iliyochukua nukta 23 kuandika picha moja kwenye utepe wa kaseti. Sasson alihitaji mtambo mwingine kabisa ili picha ile ionekane kwenye televisheni. Tangu siku ya kwanza, basi, kuitoa picha katika kamera kulikuwa kugumu kuliko kuipiga. Mwanafunzi anayehangaika na waya wa kamera ya mwaka 2004 anahangaika na tatizo lilelile.

Zaidi ya hayo, kuna swali la nani anayeiandika Ufipa. Juu ya wafua chuma wa huko Padri Wyckaert aliandika mwaka 1914, na R. Wise akaandika mwaka 1958 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Roy Willis alitoa kitabu chake juu ya historia ya dola ya Wafipa mwaka 1981. Kazi hizo ni za thamani, nami nilizisomea ughaibuni, kwa kuwa huko ndiko zilikokuwa rafuni. Lakini zote zilitazama Ufipa kwa jicho la mgeni, na mgeni huchagua cha kutazama. Kamera ndogo za miaka ya 2000 zilikuwa mikononi mwa wenyeji. Mwalimu alipiga ujenzi wa maabara ya kata, bibi arusi akiteremka kwenye lori, ng'ombe wakivuta plau mahali palipokuwa na ntumba. Hakuna mgeni ambaye angeyachagua hayo.

Kwa hiyo picha isiachwe bila maelezo. Tarehe iliyoandikwa na kamera isiaminiwe papo kwa papo. Betri zikitolewa kwa muda mrefu saa ya kamera husimama, na baadaye huanza upya tangu Januari mosi ya mwaka uliowekwa kiwandani. Ndipo utaona sherehe ya mavuno ikisemwa kuwa ilifanyika usiku wa mwaka mpya. Barabara itawasaidia kusahihisha. Picha inayoonyesha lami mjini Laela haiwezi kuwa ya mwaka 2003. Bango lililoandikwa Mkoa wa Rukwa mahali palipo Katavi leo ni la kabla ya 2012, au ni bango ambalo hakuna aliyelibadilisha, na wanafunzi wabishane juu ya hilo.

Majina ni kazi ya dharura kuliko tarehe, maana tarehe yaweza kukisiwa lakini jina haliwezi. Wazee wanaoweza kusema kwamba ilungu hili liko kijiji gani, na ni ukoo gani uliolijenga, wanapungua kila mwaka. Wakati wa likizo mwanafunzi achukue picha zilizochapishwa, hata kwa karatasi ya kawaida, aende nazo kwa babu na bibi akaandike wanachosema, kwa Kifipa kama walivyokisema na kwa Kiswahili chini yake. Pengine watasema picha fulani isionyeshwe, kwa kuwa ni ya msiba, au ya mambo ya ufundi yasiyosemwa mbele ya kila mtu. Neno lao liheshimiwe, na mwenye kamera aulizwe vilevile kabla picha yake haijabandikwa ukutani shuleni.

Daftari la kazi hiyo halihitaji utaalamu: nambari ya picha, mahali, mwaka, watu waliomo kuanzia kushoto, jina la aliyeeleza na siku aliyoeleza. Orodha ichapwe na kuwekwa katika folda ya picha zenyewe. Kadi ya asili, kitufe chake kikiwa kimefungwa, itiwe katika bahasha ya karatasi pamoja na nakala ya orodha hiyo. Kamera itolewe betri zisije zikavujia ndani, na vyote virudishwe kwa mwenyewe.